Jua la Serengeti na Matumizi Yake

Asubuhi ya Julai, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, hata wenyeji hujifunika makoti. Ukungu umelala barabarani, madereva wamewasha taa ingawa ni saa tatu, na kwenye matawi ya miti yananing'inia mashada ya kijivu kama ndevu za mzee, yamelowa chepechepe bila tone la mvua kunyesha. Gari linashuka upande wa magharibi, kona baada ya kona. Haipiti saa moja, abiria waliofunga vioo kwa ajili ya baridi wanaviacha vimefungwa kwa sababu nyingine: vumbi. Nyasi zimekauka na kufifia kama mkeka mkuukuu, anga limekuwa jeupe, na kwa mbali kisulisuli kinainua nguzo ya mavumbi na kuitembeza kuelekea bonde la Oldupai.

Kutoka kwenye ukungu ule hadi kwenye vumbi hili, barabara imeshuka kama mita 800 tu. Msimu ni ule ule. Upepo ni ule ule uliovuka mlima muda mfupi uliopita. Kilichobadilika ni yale ambayo ardhi imeufanyia upepo huo njiani.

Darasani mambo hupangwa kwa mstari mmoja: mvua huja, nyasi huota, mnyama hula. Mstari huo hauna kosa, ila unamfanya mwanafunzi aamini kwamba hali ya hewa ni amri inayotoka juu na nchi kazi yake ni kutii. Kwenye nyanda za nyasi mambo hayaendi hivyo. Huko milima, maziwa, udongo, nyasi, moto na hata midomo ya wanyama vinashiriki kuamua hewa iwe ya moto au ya ubaridi, wingu lipande wapi, na mvua iishie upande gani wa kilima. Serengeti, ambayo jina lake latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya uwanda usio na mwisho, ni mahali ambapo ushirika huo unaonekana kwa macho.

Mlima una sehemu yake. Pepo kuu za Afrika Mashariki, kaskazi na kusi, zote hufika bara zikitokea upande wa Bahari ya Hindi. Zikikutana na nyanda za juu za Ngorongoro, ambako kilele cha Loolmalasin kinapita mita 3,600, sehemu kubwa ya hewa yake hulazimika kupanda. Hewa inayopanda hutanuka, na ikitanuka hupoa, takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 100. Ikifika kimo ambacho haiwezi tena kuubeba mvuke wake wote, mvuke unageuka matone, na hapo ndipo unapozaliwa ukungu wa ukingoni pamoja na msitu mbichi wa mteremko wa mashariki. Ikivuka na kushuka upande wa pili, hewa hiyo hiyo inabanwa na kupata joto, na kwa kuwa maji imeyaacha mlimani, inafika Oldupai ikiwa kavu na yenye kiu. Eneo la namna hii wataalamu huliita kivuli cha mvua.

Ndani ya kivuli hicho ndimo zilimo nyanda za nyasi fupi za kusini-mashariki mwa Serengeti. Mvua yake ni takriban milimita 500 kwa mwaka. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kipande cha ardhi kinachotosha mtu mmoja kukaa na kula chakula chake hupewa lita 500 kwa mwaka mzima. Si haba. Lakini jua la karibu na ikweta lingeweza kuyakausha maji hayo zaidi ya mara mbili, kama yangekuwepo ya kukaushwa.

Ukivuka hifadhi kuelekea kaskazini-magharibi, mambo yanageuka hatua kwa hatua. Nyasi zinarefuka, migunga inaongezeka, na karibu na mpaka wa Kenya mvua inapita milimita 1,000 kwa mwaka. Anayehusika huko ni jirani mkubwa: Ziwa Victoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, kuzidi nchi za Rwanda na Burundi zikiunganishwa.

Maji hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Nchi kavu hufanya yote mawili haraka. Kufikia adhuhuri ardhi ya Bunda na Musoma imeshachemka huku ziwa likiwa bado na ubaridi wa asubuhi. Hewa ya juu ya nchi kavu inapanda, na hewa ya ziwani inaingia kujaza nafasi yake, ikiwa imesheheni mvuke. Inapoingia bara inakutana uso kwa uso na pepo zinazotoka mashariki. Mikondo miwili ikigongana hivyo, hewa inabaki na njia moja tu, ya juu. Ndiyo maana saa tisa au saa kumi alasiri mawingu ya radi husimama mashariki mwa ziwa, na wakulima wa chai wa Kericho, walioko juu zaidi kwenye njia hiyo, wanaifahamu vizuri mvua ya mawe inayochanachana majani yao.

Faida ya mpangilio huu kwa Serengeti ni kubwa kuliko inavyosemwa. Kuanzia Julai hadi Septemba, wakati ukanda wa mvua, ule unaolifuata jua, umehamia mbali kaskazini na nyanda za kusini hazipati chochote, ziwa linaendelea kuirushia kaskazini manyunyu ya alasiri. Nyasi za Maasai Mara na za kaskazini mwa hifadhi zinapata la kunywa. Nyumbu wanakwenda huko. Msafara ule ambao dunia nzima huja kuupiga picha kwenye vivuko vya mto Mara unafuata, kwa sehemu kubwa, tofauti ya joto kati ya maji na udongo.

Usiku mchezo unageuka. Nchi kavu inapoa upesi, ziwa linabaki na uvuguvugu wake, na sasa hewa inatoka pande zote kuelekea katikati ya maji. Inakutana humo, inapanda, na radi zinaanza kupiga ziwani katika saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Mwaka 2016 mtaalamu wa Ubelgiji Wim Thiery na wenzake walichapisha utafiti uliochunguza dhoruba hizo kwa kutumia setilaiti, wakaona kwamba ukali wa dhoruba za usiku ziwani unahusiana na mvua za radi zilizotokea nchi kavu mchana wa siku hiyo. Maana yake ni kwamba ardhi iliyozunguka ziwa, kabla jua halijatua, imeshatoa dalili ya usiku utakavyokuwa. Kwa mvuvi aliye ndani ya mtumbwi wa mbao, dalili hiyo ikifasiriwa na kumfikia kwa wakati, inaweza kuwa uhai wake.

Ziwa na mlima vinaonekana hata kwenye ramani ya shule. Kinachofanyika kwenye nyasi zenyewe ni cha chini chini, na kukielewa ni vizuri kuanzia nyumbani, kwenye mtungi.

Mtungi wa udongo uliojazwa maji na kuwekwa kivulini hutokwa jasho. Maji yanapenya polepole kwenye vitundu vya udongo, yanafika nje, yanageuka mvuke, na kila tone linaloondoka linachukua joto na kwenda nalo. Maji yanayobaki ndani yanakuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati zaidi ya mara saba ya ile inayotumika kuyapasha maji hayo kutoka uvuguvugu wa kawaida hadi yaanze kutokota. Nishati hiyo haipotei. Inafichwa ndani ya mvuke, inasafiri nao, na inaachiliwa pale mvuke unapogeuka matone ndani ya wingu. Wingu la radi linapata nguvu yake kwa kuachilia joto lililochukuliwa ardhini, pengine makumi ya kilomita kutoka hapo.

Sasa mtungi huo uchukuliwe kuwa ni uwanda mzima. Adhuhuri kukiwa kweupe, jua linaimwagia Serengeti karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Sehemu ya mwanga inarudishwa angani papo hapo. Nyasi hurudisha takriban moja ya tano. Inayobaki lazima itumike. Kama udongo una maji na nyasi ni mbichi, sehemu kubwa inatumika kutoa mvuke, kutoka kwenye udongo na kupitia vitundu vidogo vya majani. Ardhi inabaki na ubaridi kiasi, hewa ya chini inapata unyevu, na mawingu yanajengeka karibu na ardhi. Kama udongo umekauka na nyasi zimelala, hakuna maji ya kutumia, na karibu nishati yote inaishia kuipasha moto ardhi na hewa iliyoigusa. Hapo ndipo kisulisuli kinapozuka. Watu wa kale walikipa majina ya pepo, na yeyote aliyekiona kikitembea peke yake juu ya uwanda mtupu atawaelewa. Lakini kinachokiinua ni hewa ya chini iliyopata joto kupita kiasi, ikipenya kwenda juu kwa kujizungusha.

Tabaka la hewa linalokorogwa na joto la ardhi linaweza kuwa la kilomita moja hivi siku ya masika, na kupita mara mbili ya hapo siku ya kiangazi kikali. Kadiri linavyonenepa ndivyo unyevu kidogo uliomo unavyotawanyika, na hewa kavu ya juu inavutwa ndani. Kwa hiyo ukavu una tabia ya kujizidisha: udongo mkavu huleta hewa ya moto, hewa ya moto hudai maji zaidi kutoka kwa udongo, na udongo unazidi kukauka. Usiku mambo ni kinyume. Hewa kavu haizuii joto lisitoroke kwenda angani, na ndiyo sababu mgeni aliyekuwa akijipepea saa nane mchana pale Ndutu anaomba blanketi la pili saa kumi za usiku.

Udongo wenyewe nao una historia. Kaskazini-mashariki mwa nyanda hizi umesimama Oldoinyo Lengai, mlima wenye urefu wa karibu mita 2,960, volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kaboneti, nyeusi inapotoka na nyeupe baada ya siku chache. Mlipuko wake mkubwa wa karibuni ulikuwa wa mwaka 2007 na 2008. Kwa maelfu ya miaka, upepo wa mashariki umekuwa ukilibeba jivu la mlima huu, na la jirani yake Kerimasi kabla yake, na kulimwaga uwandani. Karibu na Oldupai liko fungu la mchanga mweusi wa volkano, lenye umbo la mwezi mwandamo, linalosogea kuelekea magharibi takriban mita 17 kwa mwaka, na nyuma yake zimewekwa alama za kuonyesha lilikuwa wapi miaka iliyopita. Mtu akisimama kwenye alama ya zamani na kulitazama fungu lenyewe liliko sasa, anauona upepo wa miongo kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Ukichimba uwandani, mambo yanaonekana kwa karibu zaidi. Juu kuna zulia la nyasi fupi ambazo hazifiki kwenye kifundo cha mguu. Chini yake mizizi imesukana kama nyuzi za kikapu, myembamba, mingi, iking'ang'ania udongo mwororo wa kijivu. Kisha, mahali pengi kabla ya kufika mita moja, jembe linagonga kitu kigumu na kutoa sauti ya saruji. Ni tabaka la chokaa. Mvua iliyeyusha madini ya jivu na kuyashusha, lakini haikuwa nyingi kiasi cha kuyapeleka mbali, kwa hiyo yaliganda hapo. Mzizi wa mti haupiti. Nyasi, ambazo hazihitaji kwenda chini, zimebaki kuwa wenyeji pekee, na juu ya tabaka hilo zinavuna kalisi na fosforasi kwa wingi. Nyumbu jike mwenye mimba anahitaji madini hayo hayo, na ndama wengi huzaliwa hapa kati ya Januari na Machi, katika sehemu kavu kuliko zote za hifadhi.

Ukosefu wa miti una matokeo yake angani. Mti una mizizi mirefu na unaweza kutoa mvuke miezi kadhaa baada ya mvua kukatika. Baadhi ya miti ya savana huchipua majani hata kabla mvua haijaanza. Nyasi hufunga duka mapema. Mti una kilele kisicho laini kinachoisumbua hewa na kuichanganya, lakini uwanda wa nyasi ni laini na upepo unateleza juu yake. Kwa hiyo swali la mahali gani pana miti na mahali gani hapana, ambalo linaonekana kuwa la wataalamu wa mimea, ni swali la tabianchi pia. Mwaka 2005 kundi la watafiti likiongozwa na Mahesh Sankaran lilikusanya takwimu za savana kutoka sehemu nyingi za Afrika, likaonyesha kwamba chini ya takriban milimita 650 za mvua kwa mwaka, mvua yenyewe ndiyo inayoweka kikomo cha miti. Juu ya kiwango hicho maji yanatosha msitu kufunga. Kinachouzuia ni moto na walaji.

Na hapo inaingia habari ya sotoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, ugonjwa huo wa ng'ombe ulioingia kupitia Pembe ya Afrika ulifika nchi ya Wamaasai. Uliua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe, na pamoja nao nyati na nyumbu. Watu walikufa njaa. Wafugaji walibaki bila kitu. Nchi iliyobaki bila mifugo na bila watu ilifunga vichaka, na mbung'o akaingia humo na kuzuia wengi kurudi. Wageni waliokuja baadaye waliiona nchi hiyo wakadhani ndivyo ilivyokuwa tangu kuumbwa. Ni jambo la kusikitisha kwamba picha hiyo ya pori tupu, iliyozaliwa na msiba, ndiyo iliyotumika kwa miaka mingi kueleza Afrika Mashariki ilivyo.

Sotoka iliendelea kukaba nyumbu kwa zaidi ya nusu karne, ikiua ndama mwaka baada ya mwaka. Kisha ikaja chanjo. Iliyoleta mageuzi ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake pale Muguga, Kenya, karibu na mwaka 1960. Ng'ombe waliozunguka Serengeti walichanjwa, na bila ng'ombe wagonjwa wa kuwaambukiza, nyumbu walipona ingawa wao hawakuchomwa sindano hata moja. Walipohesabiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa karibu 250,000. Kufikia 1977 walikuwa wamepita milioni 1.

Midomo hiyo yote ilikula. Nyasi ndefu ambazo zamani zilisimama hadi zikakauka na kuwa kuni, sasa zilifupishwa kabla ya kiangazi. Moto, uliokuwa ukiteketeza sehemu kubwa ya hifadhi kila mwaka, ukakosa chakula na kupungua sana. Miche ya migunga, iliyozoea kuunguzwa kabla haijarefuka, ikapata nafasi ya kupita kimo cha ndimi za moto, na miti ikaongezeka. Mwaka 2009 Ricardo Holdo na wenzake walipiga hesabu ya kaboni ya mabadiliko hayo, wakakuta kwamba Serengeti, ambayo zamani ilikuwa ikitoa kaboni kwenda angani kwa sababu ya moto, iligeuka kuwa mahali panapoihifadhi. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote.

Mnyororo huu unastahili kutazamwa polepole, kwa sababu kila pete yake inagusa hewa. Ardhi iliyoungua ni nyeusi na hunyonya mwanga mwingi kuliko nyasi. Kwa wiki kadhaa baada ya moto inachemka. Ardhi yenye miti inatoa mvuke kwa muda mrefu zaidi. Ardhi iliyolishwa vizuri huchipua tena mvua ikinyesha, jambo ambalo Samuel McNaughton alilithibitisha Serengeti katika miaka ya 1970 kwa kuzungushia uzio baadhi ya sehemu na kuziacha nyingine wazi: zilizoliwa na nyumbu zilichipua upya, na baadaye zikawalisha swala tomi waliofuata. Kirusi cha ng'ombe kilikuwa kimeshika, kwa mkono mrefu, namna jua linavyotumika katika maelfu ya kilomita za mraba.

Pamoja na hayo yote, ipo hatari ya kulichukua somo hili na kulitumia vibaya, na hatari hiyo imeshawahi kuwaumiza watu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ukame mkali ulianza Saheli, ukaendelea hadi miaka ya 1980. Mwaka 1975 Jule Charney, mtaalamu mkubwa wa hali ya hewa nchini Marekani, alitoa nadharia: mifugo ikimaliza nyasi, udongo mweupe unabaki wazi, unarudisha mwanga mwingi angani, hewa ya juu yake inakosa joto na kuzama badala ya kupanda, mvua inakatika, na nyasi zinazidi kupungua. Nadharia ilikuwa nzuri kifizikia. Lakini mikononi mwa watawala iligeuka kuwa hati ya mashtaka dhidi ya mfugaji: yeye ndiye aliyeleta jangwa. Mwaka 2003 Alessandra Giannini na wenzake walionyesha kwamba wa kulaumiwa hasa hakuwako Saheli kabisa. Mabadiliko ya joto la bahari ndiyo yaliyoisukuma mvua mbali. Ardhi iliyokauka iliukuza ukame ambao bahari ilikuwa imeuanzisha.

Tofauti kati ya kuanzisha na kukuza si ndogo. Mfugaji wa Saheli alihamishwa, alipangiwa idadi ya mifugo, alihubiriwa kwamba njia ya babu zake ni uharibifu, wakati ambapo kuhama na mifugo kufuata mvua ndiko kulikokuwa jibu la busara kwa anga lisilotabirika. Nyumbu wa Serengeti wanafanya hivyo hivyo na wanasifiwa kwa kuitwa maajabu ya dunia.

Utafiti wa baadaye umeifanya picha kuwa ya kuvutia zaidi. Mwaka 2004 Randal Koster na wenzake walitumia programu kadhaa za kompyuta kutafuta ni wapi duniani unyevu wa udongo unaathiri mvua kwa nguvu. Maeneo yaliyojitokeza yalikuwa kwenye ukingo kati ya nchi kavu na nchi mbichi, yakiwemo Saheli, nyanda za kati za Marekani na Afrika ya ikweta. Kwa mantiki hiyo mtu angetarajia kwamba mvua ya alasiri itanyesha zaidi juu ya udongo uliolowa. Mwaka 2012 Christopher Taylor na wenzake walipima jambo hilo kwa setilaiti katika mabara sita, wakakuta kinyume: katika eneo lenye mabaka ya udongo uliolowa na uliokauka, mvua ya alasiri huelekea kunyesha juu ya baka kavu.

Ajabu hiyo ina maelezo, na msomaji amekwisha kukutana nayo kule Musoma. Baka lililolowa linabaki na ubaridi kama ziwa; baka kavu linachemka kama pwani yake. Hewa yenye unyevu inatoka kwenye baka la kwanza kwenda la pili na kupanda hapo. Ni upepo wa ziwa bila ziwa. Maji ya udongo yanasaidia kutengeneza mvua kwa eneo zima, lakini mahali hasa ambapo tone litaangukia panaamuliwa na mpaka kati ya kilicholowa na kilichokauka. Anayechunga ng'ombe Simanjiro au Kajiado, akishangaa kwa nini mvua imenyesha ng'ambo ya kilima na kumwacha yeye, hajatupwa na Mungu. Pengine jana ilinyesha kwake.

Uhusiano huu wa udongo na hewa ndio unaofanya ongezeko la joto liwe baya kwa nchi za malisho hata pale ambapo kiasi cha mvua hakijabadilika sana. Kuanzia Oktoba 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kusini mwa Ethiopia, Somalia na mashariki mwa Kenya. Mifugo ilikufa kwa mamilioni. Mwezi wa Aprili 2023 kundi la wanasayansi wanaochunguza mchango wa tabianchi katika majanga, World Weather Attribution, lilitoa tathmini yake: ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu liliufanya ukame wa aina hiyo uwezekane angalau mara 100 zaidi. Sababu kubwa waliyoitaja ilikuwa kiu ya hewa. Hewa yenye joto zaidi hufyonza maji zaidi kutoka kwenye udongo na majani, hivyo mvua ndogo ambayo zamani ingewaacha watu wakihangaika, sasa inawaacha na mizoga. Mfugaji wa Marsabit alipoteza mifugo yake kwa joto ambalo sehemu kubwa ya chanzo chake iko kwenye viwanda na magari ya nchi za mbali, na haki haijatendeka mpaka jambo hilo lisemwe waziwazi katika kila kikao kinachojadili fidia na misaada.

Ndiyo maana utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na ule wa kanda nzima unaotoka kituo cha ICPAC jijini Nairobi, unastahili kusomwa hadi ukurasa wa mwisho. Wengi huishia kwenye neno moja, mvua za wastani au chini ya wastani. Kwa mwenye ng'ombe, habari ya hali ya udongo na ya joto linalotarajiwa ina uzito ule ule. Milimita 400 zinazonyesha juu ya udongo wenye nyasi, katika msimu wa ubaridi, si milimita 400 zinazonyesha juu ya udongo mtupu uliochomwa na jua la miaka mitatu.

Mwezi wa Novemba ukanda wa mvua unarudi kusini. Dhoruba ya kwanza ya vuli hainyeshei uwanda wote. Inakuja kama pazia jeusi la kilomita chache, inapita mashariki mwa kilima cha Naabi, inamwaga maji kwa nusu saa na kuondoka, ikiacha kilima cha jirani na vumbi lake. Kesho yake adhuhuri mpaka unaonekana. Upande mkavu visulisuli viwili vitatu vinazunguka. Upande uliolowa hakuna hata kimoja, kwa sababu jua la huko limepata kazi nyingine. Baada ya siku chache ncha za kijani zinatokeza kati ya mabua ya zamani, fupi kiasi kwamba zinaonekana kwa mtu aliyeinama tu, na alasiri wingu jipya linaanza kujijenga juu ya ule upande mkavu. Upande wa kaskazini, nyumbu wameshageuza vichwa na kushika njia ya kusini.